Ndama wa Usiku wa Ijumaa

Ndama namba mia nne na kumi na mbili alisimama juu ya toroli saa tano kasorobo asubuhi, na sisi tuliokuwa ukumbini tukaganda kama watu waliofumaniwa.

Umeme ulikuwa umekatika tangu saa moja. Betri zilizobaki Meneja aliziunganisha na majokofu, kwa hiyo ndama tisa wa siku hiyo waliachwa kwenye toroli zao, wamepangwa ukutani, wakisubiri chumba cha kukamulia kipate nguvu. Walikuwa wamelala kama kawaida yao, ulimi nje kidogo. Huyu wa saba akatikisa sikio. Nikadhani ni nzi. Halafu akafumbua macho, akakunja miguu ya mbele, akateleza, akajaribu tena, akasimama. Akakojoa palepale, kisha akalia. Miaka sita nimefanya kazi katika jengo lile na sikuwahi kusikia sauti ya ndama ndani yake.

Meneja Nkinda alitoka ofisini kalamu ikiwa sikioni.

"Dada Sikudhani, huyu ana siku ngapi?"

"Tisa."

"Nani kasema?"

"Rekodi."

"Na yeye mwenyewe anasemaje?"

Nilikuwa nimechoka. Siku hizo nilikuwa nachoka kabla hata sijavaa koti la kazi, na si kwa ugonjwa. Ni ule uchovu wa mtu aliyeambiwa mara nyingi mno kwamba kazi yake inaokoa watu. Nilimshika ndama shingoni asianguke. Alikuwa na joto, na moyo wake ulipiga kwa fujo chini ya kiganja changu.

Ndama wa Kituo cha Mzungwi huzaliwa wakiwa usingizini. Ndivyo walivyotengenezwa. Hawanyonyi, hulishwa kwa mrija. Hawasimami, hawageuki, na ukimchoma mmoja sindano moyo wake haubadiliki. Lakini misuli yao inajiandaa kwa siku watakayosimama. Mnyama mchanga anapokaribia kuanza kukimbia, misuli hujijazia vitu vidogo vilivyoundwa kwa amino asidi mbili zilizoshikana, dipeptidi, ambavyo hutuliza ile tindikali inayoufanya mguu uwake moto mtu akikimbia. Wataalamu wa maabara kuu walimfanya ndama atengeneze dipeptidi moja ambayo haikuwahi kuwapo, wakaiita ndamini, dawa pekee inayowasimamisha wagonjwa wa mnyong'onyo. Viwandani wamejaribu kuiunda, inatoka imepinda upande usio wake na haifanyi kitu. Inataka msuli ulio hai. Mnyama akifa, dakika chache tu imeharibika. Akipewa dawa ya ganzi, inavunjika. Kwa hiyo ndama hachinjwi. Hukamuliwa, mirija kwenye mapaja na mabega, saa sita nzima bila kupumzika, mpaka anaisha. Ndiyo maana lazima awe amelala.

Ubongoni kuna dipeptidi nyingine, homokanosini, nayo ndiyo saa yetu. Siku ya kwanza haipo. Hupanda polepole, na siku ya kumi huvuka thelathini. Hapo ndama ameamka: anahisi, hata kama bado hawezi kufumbua jicho wala kunyanyua mguu. Madaktari, masheikh, maaskofu na wanasheria walibishana miaka miwili juu ya namba hiyo. Mwishowe wakakubaliana kwamba chini ya thelathini ndama ni sawa na mti unaogemwa utomvu. Akivuka thelathini ni kiumbe, asiguswe, apelekwe malishoni aishi mpaka azeeke. Siku ya tisa ndiyo mwisho wa kukamua. Huo ndio Mstari, na kila wiki kuna karatasi inayosema haukuvukwa. Karatasi hiyo husainiwa na mpimaji, na mpimaji ni mimi.

"Mpelekeni malishoni," Nkinda aliwaambia wafanyakazi. Kisha akanigeukia mimi, sauti chini. "Nenda banda la uzazi ukaulize. Huenda Bi Mgeni alichanganya namba."

* * *

Bi Mgeni Mwinjuma ndiye mkunga wa ng'ombe wetu. Zamani banda la uzazi lilikuwa na vifaa vya kurekodi kila kitu, lakini ng'ombe walianza kutupa mimba kwa mvumo wake, vikaondolewa. Sasa Bi Mgeni huandika alama za mkaa ukutani, na kila Ijumaa asubuhi, kabla hajaenda kuoga kwa ajili ya sala, hukisomea kinasa sauti kilicho nje ya banda: namba fulani, jike au dume, siku fulani, saa fulani. Mashine inasikia, inaandika, inatutumia.

"Shikamoo, Bi Mgeni."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

"Sijakonda."

"Basi umechakaa."

Nilimuuliza kuhusu mia nne na kumi na mbili. Alimkumbuka mara moja. "Yule mwenye doa kipajini? Alitanguliza miguu ya nyuma yule, nilimtoa kwa taabu mpaka kiuno kikanikatika. Alizaliwa usiku wa Jumatano, saa tano."

"Na Ijumaa iliyopita uliiambia mashine hivyohivyo?"

"Ulitaka niiambie vipi tena?"

Rekodi nayo ilisema usiku wa Jumatano, saa tano. Toka usiku wa Jumatano ya wiki iliyopita mpaka Ijumaa hii ni siku tisa, hata ukihesabu kwa vidole. Nikawa nainuka niondoke. Wakati huohuo umeme ukarudi, taa ya kinasa sauti ikawaka, na Bi Mgeni akaniashiria ningoje amalize kazi yake.

"Mia nne thelathini na moja, dume, usiku wa Jumatatu, saa nne," alisema, akiiinamia mashine kama anayeongea na kiziwi. "Mia nne thelathini na tatu, jike, mchana wa Jumanne, adhuhuri. Mia nne thelathini na sita, jike, usiku wa Ijumaa, saa nane."

"Tarehe haijafika," mashine ilijibu kwa ile sauti yake ya kike ya mjini. "Tafadhali rudia."

"Umeisikia?" Bi Mgeni alinyoosha mgongo. "Kila Ijumaa hunigomea hapohapo. Wa usiku wa Ijumaa haiwataki mpaka wiki ya pili. Mimi nimeshaizoea. Nilidhani imeamriwa hivyo kwa heshima ya siku."

Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba kwanza nilicheka. Halafu kicheko kikanikauka mdomoni.

"Bi Mgeni, leo siku gani?"

"Ijumaa."

"Na usiku wa Ijumaa ni lini?"

Alinitazama kama anayemtazama msichana aliyekosa malezi. "Si umeshapita? Si ndio tulioamka nao? Jana jua lilipokuchwa Alhamisi ikaisha, ukaingia usiku wa Ijumaa. Leo likichwa ni usiku wa Jumamosi. Wewe bibi yako hakukufundisha?"

Bibi yangu alinifundisha. Kila Alhamisi magharibi alifukiza ubani nyumba nzima akisema usiku wa Ijumaa umeingia, watoto tuache kelele. Nimelelewa na hesabu hiyo. Kisha nikaenda shule, nikaenda mjini, nikakaa mbele ya kompyuta ambazo siku yake huanza katikati ya usiku, na hesabu ya bibi ikanitoka bila hata kuniaga. Mashine ilifundishwa Kiswahili na watu wa aina yangu. Kwake yeye usiku wa Ijumaa hufuata mchana wa Ijumaa. Yule ndama mwenye doa alizaliwa Jumanne jua lilipokwisha kuchwa, mashine ikamwandika Jumatano. Siku zake tisa zilikuwa kumi. Na wenzake wote waliozaliwa gizani kwa miaka sita, zao pia zilikuwa kumi.

"Kuna nini?" Bi Mgeni aliuliza.

"Hakuna kitu."

"Mbona umekaa chini kwenye samadi?"

* * *

Maabarani nilifunga mlango, nikafungua vipimo vya nyuma. Sikuhitaji kutafuta sana kwa sababu nilijua pa kutafuta, na hilo ndilo lililonitia aibu.

Mwaka wangu wa kwanza hapa, niliona kwamba ndama waliozaliwa usiku walikuwa na homokanosini ya juu ubongoni: thelathini na nne, thelathini na sita, mmoja arobaini. Wa mchana hawakuvuka ishirini na nane. Niliandika taarifa. Makao makuu wakajibu kwamba haiwezekani, nitafute kasoro ya kipimo. Nikaitafuta kwa bidii, na mtu akitafuta kasoro kwa bidii huipata. Niliandika kwamba ubaridi wa usiku wakati wa kuzaliwa huvimbisha kipimo, nikatunga hesabu ya kuupunguza, na namba zote za usiku zikashuka chini ya thelathini kwa adabu. Wakaipitisha. Wakaipa jina langu: Sahihisho la Sikudhani. Nilipigiwa makofi ukumbini. Jina langu linasema wazi kabisa hali ya mambo, na hakuna aliyelisikiliza, hata mimi niliyepewa.

Nilitazama na upande wa misuli. Hapo ndipo palipoumiza zaidi. Kwa ndama wa mchana, waliokamuliwa siku ya tisa ya kweli, ndamini ilikuwa kidogo, matone. Kwa wa usiku ilikuwa mara nne. Msuli hujijaza ndamini siku ileile ubongo unapoamka. Ndiyo siku mnyama anapojiandaa kusimama. Hospitali zote zilikuwa zimeshaligundua hilo kwa njia yao. Zilikuwa zinaagiza "chupa za usiku." Chupa za mchana walipewa wagonjwa wapya ili wasikate tamaa.

Yaani dawa iliyokuwa inawasimamisha watu ilitoka kwa ndama walioamka tu. Dawa ya ndama waliolala haikuwa dawa.

Jumamosi asubuhi nilifika kabla ya wengine. Nilichukua toroli mbili, ndama wa mchana na ndama wa usiku, wote wanasomeka siku tisa, wote macho yamefumba. Niliwabana kipima moyo. Nikachukua koleo, nikaminya sikio la wa mchana. Mstari wa moyo wake kwenye skrini ukaendelea vilevile, taratibu. Nikaenda kwa wa usiku, nikaminya sikio lake. Hakutikisika hata unywele, lakini moyo uliruka kutoka themanini hadi mia na arobaini na ukakaa hukohuko. Nilisubiri ushuke. Uliposhuka niliinua koleo kwa mara ya pili, nikalifungua tu, bila kumgusa. Liligonga kidogo, chuma kwa chuma. Moyo ukaruka tena.

Alikuwa ameshajifunza ile sauti. Niliweka koleo chini, nikaenda kumtafuta Meneja.

* * *

"Funga mlango," Meneja Nkinda alisema nilipomaliza kumweleza. Mlango ulikuwa umefungwa tayari.

Gervas Nkinda si mtu mbaya. Napenda lieleweke hilo, maana hadithi za namna hii hupenda kuwa na meneja mbaya. Ni mtu wa Songea, mpole, asiyejua kukaa kwenye kiti bila kukitingisha. Alikitingisha muda mrefu.

"Tukirekebisha tarehe," alisema, "wa usiku tukawakamua siku ya tisa ya kweli?"

"Tutapata dawa ya mchana. Yote itakuwa ya mchana."

"Maji."

"Karibu na maji."

"Tuna wagonjwa elfu kumi na moja wanaosubiri kwenye orodha, dada."

"Najua."

"Kuomba Mstari usogezwe?"

"Ukaombe nini, Meneja? Kwamba waamke halafu tuwakamue saa sita nzima? Ng'ombe wa kitoweo anapigwa kisu kimoja, na bismillahi juu yake. Hawa tunawafunga mirija wakiwa wanasikia. Yule wa leo alisikia koleo."

Nje jua lilikuwa limeshaanza kupiga bati, ile milio midogo ya saa nne inayotuambia watu wote tuingie ndani. Joto hili ndilo lililoleta mnyong'onyo. Miaka ya kwanza tulidhani watu ni wavivu. Mtu wa miaka arobaini anapiga hatua kumi, misuli inawaka, anakaa. Mwezi wa pili hatua tano. Mwaka wa pili hainuki. Akili inabaki nzima, ila usingizi unamkimbia na utulivu unamkimbia, analala hapo anakutazama.

"Nikikwambia unyamaze nitakuwa mtu mwovu," Nkinda alisema mwishowe. "Nikikwambia useme, kuna watu watarudi vitandani kwa sababu yangu. Mimi sijui, Dada Sikudhani. Naapa sijui. Karatasi ya wiki inatoka Jumatatu saa tatu. Saini ni yako. Ukiweka sahihisho lako, mambo yanaendelea. Usipoliweka, kituo kinafungwa siku hiyohiyo."

"Unanitupia mimi."

"Nakutupia," alikubali, na akawa na haya ya kutonitazama.

Nilitoka pale nimemkasirikia, na nusu ya hasira ile ilikuwa juu yangu mwenyewe.

* * *

Hatibu, mume wangu, ni fundi wa vigae. Alishikwa na mnyong'onyo miaka minne iliyopita, na kwa miezi kumi na minne alikaa chumba cha nyuma akinywa matone ya chupa za mchana, ambayo yalimwezesha kukaa na kula mwenyewe basi. Kisha jina lake likapanda kwenye orodha, tukaanza kupata chupa za usiku. Wiki ya tatu alisimama kuswali. Mwezi wa pili alikwenda dukani, akarudi na kiberiti ambacho hatukukihitaji, ili mradi amekwenda. Sasa huamka mapema, humwekea mtu vigae vya bafu kabla jua halijapanda, hurudi ananuka simenti, na mimi naipenda ile harufu kuliko marashi.

Nilimkuta jikoni anamenya mihogo. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya joto. Nilikuwa nimepanga kumweleza taratibu, lakini niliyatoa yote kwa mkupuo, usiku wa Jumatano, koleo, moyo, saini. Aliendelea kumenya mpaka nilipofika kwenye koleo.

"Saa sita?" aliuliza.

"Saa sita."

"Wanahisi."

"Wanahisi."

"Kwa ajili yangu mimi peke yangu, wangapi?"

Nilijua. Ndama mmoja kwa mwezi. "Thelathini na kitu."

Aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kikoi. Nikamwambia, "Niambie nifanye nini, Baba Kauthari."

"Sikwambii."

"Mimi nakuomba."

"Na mimi nakukatalia. Nikisema tia saini, kila nikisimama utamwona ndama. Nikisema usitie, siku utakapochoka kuniuguza utajisemea kwamba ni mimi mwenyewe niliyetaka. Mama Kauthari, mimi usinifanye kisingizio. Upande wowote ule."

Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia Nkinda. Nilimwambia ni rahisi kusema hivyo ukiwa umesimama. Nilimwambia nilimnawisha miezi kumi na minne na hakuna aliyeniuliza kama naona kinyaa. Nilimwambia maneno mengine ambayo siyaandiki. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akainuka, akabandika mihogo, akaja akakaa karibu yangu, bega kwa bega, na tukakaa hivyo gizani mwa yale madirisha mpaka mihogo ikaanza kuungua.

Nataka kusema kwamba nilifikiri sana Jumapili nzima. Sikufikiri. Nilifua. Nilifua mpaka mapazia. Nilitaka mtu aje aniambie kuna kosa katika kosa langu, kwamba nimehesabu vibaya, na hakuna aliyekuja. Nilichokuwa nakiona ni ule mstari wa moyo ukiruka kabla koleo halijamgusa. Kama angeruka baada ya kuguswa ningeweza kujidanganya tena. Mimi ni hodari wa hilo, nina sahihisho lenye jina langu.

* * *

Jumatatu saa mbili na nusu niliandika namba za wiki kama zilivyotoka kwenye kipimo. Thelathini na tano. Thelathini na tatu. Thelathini na nane. Chini yake niliandika aya moja kueleza hesabu ya siku, aya moja kueleza sahihisho na nani aliyelitunga, nikasaini, nikaituma. Haikuchukua hata robo saa. Miaka sita, na haikuchukua hata robo saa.

Nkinda aliisoma kwenye skrini yake akiwa amesimama. "Haya," alisema. Kisha akaniomba dakika kumi awapigie hospitali yeye mwenyewe, wasisikie kwa watu. Nilimsikia kupitia ukuta akirudia sentensi ileile kwa hospitali baada ya hospitali, na kila mara alianza kwa kuuliza hali ya familia.

Nilikwenda banda la uzazi kwa sababu niliogopa Bi Mgeni asije akasikia nusunusu akadhani ni yeye. Nilimweleza. Alisikiliza, mikono imejaa povu mpaka viwikoni.

"Kwa hiyo mimi sikukosea," alisema.

"Hukukosea. Ulisema kweli kila Ijumaa."

"Sasa miaka yote hiyo hakuna aliyekuja kuniuliza?"

"Hakuna."

Alirudi kuosha mikono. Nilingoja aseme kitu kingine, anifokee, anisamehe, chochote. Alisuuza, akatikisa maji, akaingia ndani kwa ng'ombe wake, kwa sababu kulikuwa na mmoja aliyekuwa akizaa, na ng'ombe yule hakuwa na habari na karatasi yangu.

Saa tano nilikuwa nyumbani. Kituo kilikuwa kimeshawekewa kufuli na watu wa wizara, na mimi nikaambiwa nitaitwa. Nilipokaribia mlango nilisikia kitu kizito kikiburutwa ndani, nikaingia kwa haraka.

Hatibu alikuwa anasukuma kitanda. Alikuwa amekitoa chumba cha nyuma, amekipitisha ukumbini, na sasa anakiingiza chumba cha mbele, pale tunapoweka wageni. Makochi alikuwa ameshayatoa. Jasho lilimtiririka, kifua wazi, na mikono yake ilikuwa imara kama siku nilipomjua.

"Umeituma?" aliuliza bila kusimama.

"Nimeituma."

Aliitikia kwa kichwa, akasukuma kitanda mpaka kikagusa ukuta. "Kule nyuma nilitazama ukuta miezi kumi na minne. Safari hii nataka kuona watu wanaopita."

"Umekunywa ya leo?"

"Nimekunywa. Zimebaki chupa mbili. Waliokamuliwa wameshakamuliwa, siwezi kuwarudishia." Alipangusa uso. "Nilitaka nifanye mambo haya mwenyewe, nikiwa naweza."

Nilimwona amesogeza na rafu ya maji ikawa chini, mkono uweze kuifikia. Juu ya kitanda, kwenye boriti, alikuwa amefunga kamba nene yenye kitanzi kipana cha kitambaa, akakishona kitambaa hicho kwa ule ushonaji wake mbovu wa kifundi.

"Hii ni yako," alisema. "Mara ile ulikuwa unanigeuza kwa mgongo, ukaharibika mgongo. Njoo nikuoneshe."

Akalala. Akajilegeza mwili mzima, miguu, shingo, mikono imeanguka pembeni, mpaka nikaogopa. Akanielekeza kwa mdomo tu: kitanzi chini ya bega, hapo, sasa shika kamba, weka goti kwenye kitanda, usivute kwa kiuno, egemea nyuma tu uzito wako ukusaidie. Vuta.

Nikavuta. Akageuka.

"Umeona? Mwepesi."

Alikuwa mzito. Nilimwambia ni mwepesi.

"Tena," alisema, akajilegeza upya. Tukarudia mara nne, mpaka nikaweza bila kuelekezwa.